Uzi: Samaki anayelea mdomoni, chura anayezaa, dume mwenye mimba. Wanyama wetu wanavyobeba watoto wao

Mwana_wa_Igombe:
Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo nimeamua kuushusha. Ni mrefu, mwenye haraka asome nusu arudi kesho.

Nianze na bibi yangu. Nimekulia pembeni ya ziwa huku Mwanza, na kazi yetu watoto jioni ilikuwa kupara samaki. Siku moja nafungua mdomo wa sato nitoe matamvua nakuta mdomo umejaa mayai, ya njano inayoelekea chungwa, kama punje ndogo za mtama. Nikamwita bibi. Bibi akaangalia akasema huyu mwizi, kala mayai ya wenzake Mungu kamuumbua kabla hajameza. Tukaamini hivyo, na kuanzia hapo kila sato tuliyemkuta na mayai mdomoni tulimwita mwizi.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba yule alikuwa mama na yale mayai ni yake mwenyewe. Kwa sato iko hivi, dume anachimba shimo kwenye maji ya kina kifupi, anachimba kwa mdomo, anatoa mchanga na mawe madogo mpaka panakuwa kama sahani. Jike anakuja anataga pale, dume anamwaga mbegu zake, halafu jike anayaokota mayai yote anayaweka mdomoni na kuondoka, dume anabaki na shimo lake anasubiri jike mwingine. Mayai yanaanguliwa humohumo mdomoni na vifaranga vinaendelea kukaa humo mpaka kile kiini cha yai kilichoning'inia tumboni kwao kiishe, jumla kama wiki mbili hivi. Muda wote huo mama hali, au anakula kidogo sana. Anayageuzageuza mayai ili yapate hewa na yasiote ukungu. Akianza kuwatoa anakaa nao karibu, ikitokea hatari wote wanarudi mdomoni.

Na sio sato peke yake ambaye kwenye Ziwa Victoria ni mgeni aliyeletwa miaka ya 1950, hata wenyeji ngege na mbiru wanalea hivyohivyo, na furu pia. Sasa furu ndio waliniacha hoi. Mkimwangalia furu dume, kwenye lile pezi la chini nyuma karibu na mkia ana madoa ya duara ya njano au chungwa. Yale madoa yanafanana kabisa na mayai. Jike akishataga anaokota mayai yake upesi sana, mara nyingi kabla dume hajayafikia, halafu anaona "mayai" mengine kwenye pezi la dume, anafuata kuyaokota, anapofungua mdomo pale dume anamwaga mbegu zinaingia mdomoni na mayai yanarutubishwa humo. Yaani mimba inatungwa mdomoni. Niliposoma hii niliacha chakula.

Nataka tuongelee wanyama wa namna hii, hasa wa kwetu. Nina mengine ntaleta, chura wa Kihansi ndio lengo langu kubwa. Mwenye chake atupie.

Mama_Zawadi:
Asante kwa uzi mkuu. Mimi swali, huyo mama kama hali wiki mbili si anakufa? Na anapumuaje na mdomo umejaa?

Mwana_wa_Igombe:
Dada yangu anakonda kweli ila hafi. Samaki damu yake ni ya baridi, mwili hauhitaji chakula kila siku kama sisi. Kupumua, maji yanaingia mdomoni yanapita kwenye mayai yanatokea kwenye matamvua kama kawaida, na huko kupita kwa maji ndiko kunakoyapa mayai hewa. Ila gharama yake ni kubwa, ndio maana mayai ni machache. Sato mkubwa anaweza kubeba mamia kadhaa hadi elfu na zaidi, furu wadogo wanabeba makumi tu. Sasa linganisha na sangara ambaye jike mkubwa anataga mamilioni ya mayai anayaacha yaelee yenyewe. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 furu wakaporomoka vibaya. Kulikuwa na aina zaidi ya 500 za furu ziwani na mamia zinahesabiwa zimepotea. Sababu zipo nyingi, maji kuchafuka na kupungua hewa zimo, uvuvi umo, lakini mimi naona hii ya uzazi watu hawaitaji vya kutosha. Mama anayelea watoto thelathini mdomoni, ukimmeza umemeza na kizazi chake chote kwa mpigo mmoja.

Gogogo_Kigoma:
Mkuu umegusa kwetu. Ziwa Tanganyika huku jamii hiyo ya wanaolea mdomoni wapo wengi mno, na kuna mtu anawafanyia uhuni. Kuna gogogo mmoja wa madoadoa meusi, mnawajua gogogo wale wanaolia ukiwashika na miiba yao inachoma. Huyu anasubiri samaki wengine wawe kwenye kutaga, anajichomeka katikati yao kwa vurugu, anakula baadhi ya mayai yao na hapohapo anataga ya kwake. Mama wa watu kwa kuchanganyikiwa anaokota yote anatia mdomoni, yake na ya gogogo. Yale ya gogogo yanaanguliwa mapema, siku tatu tu, na vile vitoto vikimaliza kiini chao vinaanza kula watoto wa mwenye mdomo. Mama anaendelea kuwalinda, anashinda njaa kwa ajili yao, kumbe mdomoni anafuga waliomaliza wanawe.

Aliyeligundua hili ni mtafiti wa Kijapani Tetsu Sato, aliandika mwaka 1986. Na ndio, jina lake Sato, nilishangaa na mimi.

Mama_Zawadi:
Mungu wangu. Hii ya gogogo imeniuma kabisa, huyo mama atajuaje?

Mwl_Bailojia_Moro:
Wengine wanajua, au niseme wameanza kujua. Samaki walioishi na huyo gogogo kwa vizazi vingi wanayatema mayai mageni mara nyingi kuliko samaki wa maziwa mengine ambao hawajawahi kukutana naye, hao wengine wakiwekwa naye kwenye matangi wanaibiwa kirahisi sana. Lakini kutema nako kuna hasara maana anaweza kutema na ya kwake.

Mleta uzi tuletee Kihansi, wanafunzi wangu huwa nawaambia chura anataga, viluwiluwi, mkia unapungua, miguu inatoka, halafu kuna mmoja siku zote ananiuliza je wapo wanaozaa. Nataka nimprintie.

Mwana_wa_Igombe:
Mwalimu printi tu. Haya Kihansi.

Kule ambako milima ya Udzungwa inashuka kwenda bonde la Kilombero, mto Kihansi unaanguka kwa maporomoko makubwa. Kwenye maanguko maji yanapasuka yanakuwa kama mvuke wa manyunyu, mchana na usiku, mwaka mzima. Pale kwenye manyunyu kwenye majani mabichi yanayodondoka maji, ndipo anaishi chura mdogo wa njano, jike hafiki sentimita 3, dume mdogo zaidi, hana hata sentimita 2. Eneo lake lote duniani lilikuwa kama hekta 2. Nimesema duniani, sio Tanzania. Hekta mbili ni shamba la mtu wa kawaida tu kijijini.

Aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1996, wakati ambapo mradi wa umeme wa maji ulishaanza kujengwa.

Huyu chura hatagi. Mbegu za dume zinaingia ndani ya jike, mayai yanakaa tumboni, kila mtoto anakula kiini cha yai lake na hatua yote ile ya kiluwiluwi anaipitia ndani ya yai tumboni kwa mama. Siku ikifika mama anazaa vyura kamili, vina miguu minne, vinaruka, kila kimoja milimita 5 hivi. Unaweza kuweka kadhaa kwenye ukucha wa kidole gumba. Anazaa watano mpaka kumi na kitu. Na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba inapitisha mwanga, jike mwenye mimba unawaona watoto kwa nje, vivuli vyao vinaonekana tumboni. Duniani kuna maelfu ya aina za vyura na wanaozaa hivi hawafiki hata asilimia moja. Jamii hii ya huyu wa Kihansi na ndugu zake ipo Tanzania peke yake, hasa kwenye milima ya Tao la Mashariki, hakuna nchi nyingine.

Kwa nini azae? Fikiria mwenyewe, unaishi kwenye mteremko wa maporomoko, maji yanapita kwa kasi, utataga wapi? Hakuna dimbwi lililotulia. Viluwiluwi wangesombwa wote. Kwa hiyo dimbwi akalibeba tumboni. Na hii ya kubeba dimbwi ndiyo karibu iwamalize, kwa sababu mtoto anazaliwa tayari wa nchi kavu yenye manyunyu, sio wa mtoni, yanatakiwa manyunyu, bila manyunyu hana kwa kwenda.

Mwaka 2000 mitambo ya kuzalisha megawati 180 ilikuwa imewashwa na maji mengi ya mto, kama asilimia 90, yakapelekwa kwenye mabomba badala ya kuanguka bondeni. Manyunyu yakaisha. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia ili kuiga manyunyu, na kweli vyura wakapona kidogo, Juni 2003 walihesabiwa karibu 21,000. Agosti mwaka huohuo wakaonekana kama 40. Januari 2004 walionekana watatu tu na sauti za madume wawili. Ugonjwa wa fangasi unaoua vyura dunia nzima ulikutwa kwao, na watu wanataja pia dawa za mashambani zilizoweza kushuka na maji lango la bwawa lilipofunguliwa. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini.

Sasa kilichowaokoa. Mwishoni mwa mwaka 2000 kabla ya hayo mabaya vyura 499 walikamatwa wakapandishwa ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx, New York, baadaye wakagawanywa kwenye bustani nyingine Marekani. Walikufa sana. Mwisho wa 2004 hawakufika 70 waliobaki, kwa wakati ule wale 70 ndio taifa zima. Waliobaki Bronx na Toledo ndio wakaanza kuzaa vizuri, wahudumu wakajifunza taratibu kinachotakiwa. Agosti 2010 vyura 100 wakarudishwa nyumbani, kwenye maabara iliyoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa bondeni Kihansi.

Nawaza sana kuhusu wale wahudumu wa kwanza waliopokea maboksi. Yule wa kwanza kuona asubuhi chura wa milimita tano kwenye majani wakati jana hakuwepo.

Ifakara_Mjini:
Mkuu mimi ni wa huku Kilombero na nakwambia ukweli kipindi kile watu tulikuwa tunasema hivi nchi inataka umeme mnatuletea habari za chura. Redioni ilikuwa hivyohivyo, vyura au umeme. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba anazaa, wala kwamba hayupo pengine popote. Tungeambiwa vile ulivyoeleza hapa nadhani wengi tungeelewa, sio kwamba tungekataa umeme, tungeelewa tu kwamba kuna kitu chetu.

Mwl_Bailojia_Moro:
Ifakara umesema kweli na hili kosa ni letu walimu pia. Umeme ulihitajika, nchi ilikuwa na mgao. Lakini watu walipewa neno chura bila kupewa chura mwenyewe.

Mwakazi_Wundanyi:
Jamani mimi nasoma kutoka Taita, Kenya. Kama mnaongea wa ukoo wa chura basi wacha niwaletee wetu, maana wengi huku wenyewe hawamjui, wakimpata shambani wanamkata na jembe wakidhani ni nyoka mdogo ama mnyoo mkubwa.

Wataalamu wanamwita sesilia. Ni kama mnyoo kweli, hana miguu, ana pete pete mwilini, anaishi ndani ya udongo mweusi wenye unyevu. Lakini ana uti wa mgongo na meno na ni wa jamii moja na vyura. Mama anataga kwenye shimo anajizungusha kwa mayai. Watoto wakitoka wako uchi hawajiwezi, lakini wana meno ya ajabu hivi, mengine kama makucha madogo. Mama naye ngozi yake ya nje inanenepa, inakuwa nene mara mbili, rangi inafifia, imejaa mafuta na protini. Kisha watoto wanamtambalia mama mwili mzima wakimbambua ngozi na kuila. Anatulia tu. Wakimaliza, siku chache ngozi nyingine inaota wanakula tena. Wanakua haraka na mama anapungua uzito. Utafiti wa hii ulitoka 2006 na ulifanywa na hawa wetu wa milima ya Taita.

Mimi nilisoma hiyo nikiwa na mtoto mchanga nanyonyesha. Sikuweza kulala, nikamwamsha mume wangu nikamsomea.

Mama_Zawadi:
Dada Mwakazi umeniliza. Kwetu tunasema mama amejitoa, huyu amejitoa kweli kweli mpaka ngozi.

Mwl_Bailojia_Moro:
Niongeze kidogo kwa dada Mwakazi, mwaka 2024 ilitoka habari ya ndugu yake wa Brazili, yeye watoto wanakula ngozi na juu ya hapo mama anatoa aina ya maziwa yenye mafuta kwenye tundu la nyuma, watoto wanalia wakiyataka, anawapa mara kadhaa kwa siku. Mnyama asiye na matiti.

Pwani_ya_Unguja:
Assalaam alaykum. Uzi huu mzuri mno. Nyie mnashangaa maziwa ya asiye na matiti, mie nawaletea maziwa ya nzi. Mbung'o.

Mbung'o hatagi kama nzi wengine. Anatunga yai moja tu kwa wakati, yai linaanguliwa tumboni, na lile buu linakaa kwenye mji wa mimba likinyonya maziwa yanayotoka kwenye tezi za mama. Kila siku tisa au kumi anazaa buu moja, na hilo buu uzito wake unakaribia kulingana na mama mwenyewe. Pima mtu azae mtoto wa kilo hamsini. Buu likitoka halikai juu, linajichimbia udongoni saa hiyohiyo linageuka pupa gumu jeusi, baada ya kama mwezi anatoka mbung'o kamili. Kwa umri wake wote jike anazaa wanane, kumi, basi. Na jike kwa kawaida anapandwa mara moja tu maishani, mbegu anaziweka akiba.

Sasa hilo ndilo lililotuokoa sie. Zamani huku ng'ombe walikuwa wakiteketea na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, mzee wangu alikuwa nao, najua ninachosema. Kule karibu na Jozani ulikuwa huwezi kufuga kwa raha. Wakaja wataalamu na njia ya madume tasa. Wanafuga mbung'o kwa maelfu kule Tanga, madume wanapigwa mionzi wanakuwa tasa ila wazima, wanaletwa kwa ndege wanamwagwa juu ya kisiwa. Jike akipandwa na tasa, kwa kuwa hapandwi tena, kizazi chake kimekwisha. Walianza 1994, wakamwaga zaidi ya milioni nane, mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996 na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Mpaka leo. Mbu huwezi kummaliza hivyo kirahisi maana anataga mayai mia mia.

Mwana_wa_Igombe:
Sheikh huu mchango ungeweza kuwa uzi peke yake. Na umenifanya nione kitu ambacho sikuwa nimekiona nilipoanza. Chura wa Kihansi na mbung'o wa Unguja wana uzazi unaofanana, wachache, tumboni, mama anabeba mzigo wote. Huyu tulikuwa tunamtaka akakaribia kuisha, yule hatukumtaka tukammaliza, na kote kilichoamua ni namna mama anavyobeba. Aliyejua mbung'o anazaaje alijua amshike wapi. Kihansi tulijua chura anazaaje wakati mradi umeshaanza kujengwa.

Kuna mwingine ambaye hata hawakuwahi. Australia, kwenye vijito vya misitu ya Queensland, chura mmoja alitajwa rasmi kisayansi mwaka 1973. Jike alikuwa anameza mayai yake yaliyokwisha kurutubishwa. Anameza yanaenda kwenye tumbo la chakula kabisa, lile lenye asidi. Yale mayai na viluwiluwi walikuwa wanatoa kemikali inayozima asidi, tumbo linaacha kusaga, linakuwa mji wa mimba. Wiki sita hivi mama hali chochote, tumbo linavimba mpaka mapafu yanabanwa anapumulia ngozi, halafu anawatapika mmoja mmoja wakiwa vyura wadogo kamili, kama ishirini na kitu. Madaktari walitaka sana kujua inavyozima asidi kwa ajili ya wagonjwa wa vidonda vya tumbo. Porini alionekana mara ya mwisho 1981, wa mwisho kwenye maabara akafa 1983. Ndugu yake akapatikana 1984 milima mingine hukohuko, 1985 naye hakuonekana tena. Basi.

Kijana_wa_Kilwa:
Mi naomba niongelee farasi wa baharini, yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi anayejishika kwa mkia kwenye majani ya bahari. Mimba anabeba dume. Sio kwamba analinda mayai, hapana, ana mfuko kabisa tumboni, jike anamtilia mayai humo, dume anayarutubisha ndani, mfuko unafunga, ndani panaota mishipa ya damu inayolisha hewa, na chumvi ya mfukoni inasogezwa taratibu ifanane na ya bahari ili watoto wakitoka wawe wameizoea. Wiki mbili mpaka nne hivi. Siku ya kuzaa anajikamua, anapinda mwili mbele nyuma mpaka watoto wanaruka nje, makumi, mamia, wengine hata elfu kutegemea aina.

Nawaona wanakaushwa juani. Wanakusanywa wakiingia nyavuni, kuna wanunuzi wanawatafuta kwa ajili ya dawa za China. Tangu 2004 biashara yao ya kimataifa inatakiwa ifuate vibali. Ukimpata dume mfuko umejaa unajua tu, tumbo limetuna. Mimi hao nawarudisha, na wenzangu wawili watatu siku hizi wanarudisha.

Mtoto_wa_Mererani:
Wakuu swali, ni kweli fisi ana jinsia mbili? Kwetu wazee wanasema fisi leo dume kesho jike.

Mwl_Bailojia_Moro:
Si kweli ila wazee hawakuota, waliona kitu. Fisi madoa jike ana kiungo kirefu kinachofanana sana na cha dume, mpaka mtaalamu akimwona kwa mbali anaweza kukosea. Anakojoa kupitia hapo, anapandwa kupitia hapo, na anazaa kupitia hapo. Njia ni nyembamba na imejipinda, kwa hiyo uzazi wa kwanza ni mgumu mno, ngozi inachanika, watoto wengi wa mimba ya kwanza wanafia njiani na mama wengine wanakufa. Baada ya hapo njia imeshapanuka, uzazi unaofuata ni rahisi zaidi. Watoto wanazaliwa macho wazi na meno tayari. Na kwenye ukoo jike ndiye anayetawala. Kwa hiyo mtu akiona "dume" ananyonyesha lazima aseme anabadilika. Wewe ungesemaje?

Mama_Zawadi:
Naomba niulize la mwanangu, yuko darasa la tano nimekuwa namsomea huu uzi tangu jioni. Anasema, yule mama sato akiwatoa watoto nje halafu hatari ikaja, anajuaje wote ni wake? Akiokota wa jirani?

Mwana_wa_Igombe:
Mwambie swali lake ni la kitaalamu. Mara nyingi sio mama anayewatafuta, ni wao wanaomtafuta. Mama akishtuka anabadili mkao na mwendo, wale watoto wanakimbilia sehemu zenye giza kwenye umbo lake, mdomo ndio tundu la giza, wanasukumana wanaingia. Kwa watafiti waliowahi kuwajaribu na sanamu ya samaki yenye madoa meusi, watoto waliyafuata yale madoa. Kwa hiyo ndio, wa jirani anaweza kuingia, na kwenye jamii hii ya samaki wameshakutwa mama wamebeba na watoto wasio wao.

Mvuvi_Mstaafu:
Nimesoma toka mwanzo sijachangia. Mimi nimevua ziwa hili miaka kumi na nane, sasa nina duka. Miaka ya mwanzo nilivuta kokoro, wakati huo wengi tulivuta, mnajua kokoro linavyoburuta kutoka kina kifupi mpaka ufukweni, hapohapo mleta uzi anaposema dume anachimba sahani yake. Zile sahani tulizikanyaga kila siku, tulijua ni za sato, tulizifurahia kwamba hapa wapo.

Lakini kuna jambo. Sato tukimtoa majini alikuwa anatema. Wavu ukifika mchangani kulikuwa na vitu vidogo vidogo vyenye macho meusi vimeganda kwenye matundu, vingi, vingine na kitumbo cha njano. Tuliviita uchafu wa kokoro. Kijana mdogo kabisa wa kambi ndiye aliyekuwa na kazi ya kuukung'uta mchangani, na mimi mwaka wa kwanza nilikuwa ndiye huyo kijana.

Leo ndio nimejua nilikuwa nakung'uta nini.

Mwana_wa_Igombe:
Shikamoo mzee wangu. Na bibi yangu alimwita mwizi.